SOMO LA MWEZI: TUPANGE USOMAJI WETU

Masomo: Danieli 1:1-20; Danieli 9:1-2; 2 Timotheo 4:6-13

Mwezi huu tuangalie jambo ambalo mara nyingi tunalipita haraka, nalo ni kusoma. Sizungumzii kusoma kwa ajili ya diploma. Namzungumzia mtu mzima, mwenye kazi ao asiye na kazi, anayekaa hapa Nyakabanda, ao Kimisagara, ao kule kambini Kiziba na Mahama, ambaye herufi anazijua vizuri lakini tangu alipotoka shuleni hajafungua kitabu kingine isipokuwa Biblia, na hiyo Biblia yenyewe pengine inafunguliwa Jumapili tu.

Tufungue Danieli sura ya kwanza. Danieli na wenzake watatu walitolewa Yerusalemu wakapelekwa Babeli. Walikuwa vijana, walikuwa wageni, hata majina yao yalibadilishwa. Mfalme akaagiza wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka 3. Wahubiri wengi wakifika hapa wanashika habari ya mboga na maji, wanamaliza. Lakini angalieni mstari wa 17, unaosema habari ya ujuzi waliopewa katika elimu ile. Chakula cha mfalme walikikataa, vitabu vya Wakaldayo hawakuvikataa. Halafu twende sura ya 9. Miaka mingi imepita, ufalme umeingia mikononi mwa Dario, Danieli sasa ni mzee, na tunamkuta anasoma maandiko ya Yeremia, nabii wa kwao, akihesabu ile miaka 70. Basi mkimbizi huyu alisoma vya ugenini na vya kwao. Cha kwanza hakikumfukuzia cha pili.

Paulo naye yuko gerezani, anajua kifo kiko karibu, na anamwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Kumbukeni pia kwamba huyu huyu, aliposimama Athene, aliwataja washairi wa Wayunani mbele ya Wayunani wenyewe (Matendo 17:28). Shairi la watu huwezi kulitaja kama hukupata kulijua.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu ya kungoja. Wengi wetu tumeishi miaka 10, 15, 20 tukingoja: kungoja amani irudi Kivu, kungoja simu ya mahojiano, kungoja ndege. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokwisha kupita mahojiano na vipimo vya daktari, hata nyingine zilizokuwa na tarehe ya safari, zilibaki zimekaa juu ya mizigo. Mwezi ule ule M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Mtu anayengoja namna hiyo hapangi kitu. Anasema, nitasoma nikifika. Lakini akili haijui kwamba tuko njiani; inazeeka hapa hapa.

Na tusidanganyane, watu wanasoma. Tunasoma simu kutwa nzima. Ujumbe unatoka kwa shemeji aliye Uvira, unapita kwa binamu aliye Nairobi, unafika hapa umekwisha kutumwa mara mia, hauna jina la mwandishi, hauna tarehe, hauna mahali. Nimekwisha kuona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya sauti iliyorekodiwa na mtu ambaye hakuna anayemjua. Kitabu kinaweza kudanganya pia, lakini juu ya jalada pana jina la mtu. Unaweza kumuuliza mwingine juu ya mtu huyo, unaweza kutafuta aliyembishia.

Wazee wetu wa Masisi, Kalehe na Fizi hawakupanda kitu kimoja shambani. Maharagwe yanakomaa kwa miezi kama 3, muhogo unangoja mwaka na zaidi, mti wa avoka unachukua miaka. Mwenye kupanda maharagwe peke yake atakula upesi, kisha njaa. Mwenye kupanda avoka peke yake atakufa kabla ya kuchuma. Nafikiri tupange kusoma kwetu namna hiyo. Pawe na kitu cha kuvuna upesi, pawe na kitabu kirefu cha kukaa nacho, na pawe na kile kigumu unachokisogelea polepole, hata kama ni ukurasa 1 kwa siku.

Cha upesi ni maandishi yanayotugusa kila siku: karatasi ya mwenye nyumba kabla ya kutia sahihi, maelezo yaliyo ndani ya kikasha cha dawa, tangazo la shule. Hapo naweka pia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambayo Rwanda imeikubali. Ni kurasa chache. Ule wa 1951 unataja kazi ya mshahara katika kifungu cha 17 na masomo katika kifungu cha 22. Ule wa 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukamhesabu pia anayekimbia kwa sababu nchi yake imevamiwa ao utulivu umevurugika vibaya. Ni ajabu mtu kubeba jina la mkimbizi miaka 20 bila kusoma karatasi inayosema jina hilo maana yake nini.

Kuhusu vitabu virefu, wengi wananiambia Kiswahili cha vitabuni kinawashinda kwa sababu si kile cha kwetu. Ni kweli kidogo. Wasianze na Kusadikika cha Shaaban Robert (1951), ingawa ni kitabu kikubwa na habari ya Karama, anayeshitakiwa kwa ajili ya kutaka kufundisha uanasheria, inafaa sana watu kama sisi. Kiswahili chake ni cha kupanda mlima. Waanze na Siku Njema cha Ken Walibora (1996), kijana Kongowea anayetoka Tanga na kuvuka mpaka akimtafuta baba yake Kenya. Baadaye wachukue Kuli cha Adam Shafi (1979), habari ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Ukipata Kamusi ya Kiswahili Sanifu, weka karibu, lakini usiifungue kwa kila neno, utachoka ukurasa wa pili. Maana nyingi zinajieleza zenyewe ukiendelea mbele.

Wala tusione haya juu ya Kiswahili chetu. Mwaka 1965, kule Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, watu waliokuwa wametumika kama maboi katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Kongo, iliyoandikwa na André Yav. Mtaalamu Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri yake mwaka 1990. Waliopika na kufua nguo waliandika historia, na wasomi wa vyuo vikuu wakaisoma.

Wenye Kifaransa wana utajiri ambao wanauacha uoze. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi na kufariki mwaka 2025, aliandika Entre les eaux (1973) juu ya padri anayeingia msituni na waasi. Kwangu mimi hicho ndicho kile kigumu cha polepole. Petit Pays cha Gaël Faye (2016) ni chepesi zaidi, na vijana wetu kutoka Burundi watatambua kila mtaa. Ndani yake mtoto wa Bujumbura, vita ikianza kukaribia, anapata jirani mama Mgiriki anayemwazima vitabu kimoja kimoja. Na kwa kuwa shule za hapa zilielekea Kiingereza tangu 2008, baba na mama, shikeni pia vitabu vya watoto wenu. Kitabu cha sayansi cha mwaka wa kwanza wa sekondari kina mambo ambayo sisi hatukufundishwa. Mzazi asiyejua mtoto anasoma nini atakuwa mgeni mezani pake mwenyewe.

Sasa historia. Hapa ndipo pagumu, na ndipo ninapowaomba zaidi. Juu ya vita ya kwetu kila mmoja ana kitabu chake, ao mwalimu wake, ao mjomba wake. Nashauri hivi: swali moja, waandishi wawili wasiokubaliana. Huhitaji kumpenda wa pili. Msome mpaka uweze kueleza maneno yake namna ambayo yeye mwenyewe angesikia angesema, ndiyo, hivyo ndivyo nilivyosema. Kisha mpinge ukitaka. Sijaona dawa nyingine ya zile sauti za kwenye simu.

Vile vitabu vinavyouzwa kando ya njia vyenye kuahidi utajiri kwa siku 30, mnaweza kusoma kimoja. Vingine vinarudia hicho hicho.

Hesabu yenyewe si kubwa. Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 300 kwa mwezi, maana yake kitabu kimoja kizima. Mama anayetembeza nguo mpaka saa moja jioni asome 5, atamaliza vitabu 6 kwa mwaka. Pesa ni tatizo, najua. Lakini watu 6 wakinunua kila mmoja kitabu chake na kupokezana kila miezi miwili, mwaka unaisha kila mmoja amesoma 6. Tena iko Maktaba ya Umma ya Kigali pale Kacyiru, iliyofunguliwa mwaka 2012. Unapanda basi, unauliza masharti yao mlangoni, unaingia unakaa. Shika kaye moja na biki. Kwa kila kitabu andika jina lake, tarehe uliyomaliza, jambo moja ulilokubali na jambo moja ulilokataa. Mistari 4 inatosha.

Wako mama zetu na wazee wasiojua kusoma, nao tusiwaweke nje. Chukua Siku Njema, msomee sura moja jioni wakati maharagwe yanachemka, kwa sauti, bila haraka, bila kumtega kwa maswali kama mwalimu. Ukichelewa kurudi kesho yake, atakuuliza mlangoni Kongowea amefika wapi.