Mume Yuko Marekani, Bibi Yuko Njoro: Karatasi ya Ushuru Isemeje?



Kila mwaka kuanzia Januari mpaka katikati ya Aprili, simu za namna moja huingia katika nyumba nyingi za Njoro, Molo, Bahati na Subukia. Bwana aliye Marekani anamwambia bibi yake: "Nitafutie pasipoti yako, halafu kuna karatasi nimekutumia, weka sahihi uirudishe haraka." Wakati mwingine ni bibi aliye huko akiuguza wazee, na bwana ndiye amebaki na watoto. Basi anayepokea simu huweka sahihi bila kuuliza neno, ama hukataa kabisa kwa sababu ameshuku kitu. Yote mawili yanaweza kuleta hasara. Somo la mwezi huu ni juu ya karatasi hiyo.

Kwanza tuelewe kwa nini inaletwa. Hapa Kenya kila mtu mwenye PIN na mapato hujaza ritani yake ya KRA kufikia tarehe 30 Juni, na awe ameoa au hajaoa, nafuu yake ni ile ile ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Sheria yetu ya mwaka 1973 ilihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ni mapato ya mume, na hata iTax ilipokuja, fomu yake ilikuwa na swali la kumuuliza mume kama anataka kutangaza mapato ya mke. (Akina mama wengi hawakujua swali hilo lipo, na wazee wengi hawakuwaambia.) Lakini kwetu ndoa haibadilishi sana kiasi cha ushuru. Kule Marekani hubadilisha hesabu yenyewe, na ndiyo sababu serikali yao humtaka kila mtu aseme kwanza: umeoa au hujaoa?

Swali hilo hujibiwa kwa siku moja tu ya mwaka, tarehe 31 Desemba. Ukiwa na ndoa siku hiyo, umehesabiwa mwenye ndoa kwa mwaka mzima. Haijalishi bibi yuko Njoro na bwana yuko Texas, au kwamba hawajaonana miaka mitatu. Ndoa iliyofungwa Kenya kwa sheria ya Kenya ni ndoa huko pia. Kwa hiyo yule anayeambiwa na rafiki zake, "Wewe jaza kwamba huna ndoa, bibi hayuko huku, nani atajua?" anaambiwa aandike uongo juu ya karatasi ambayo ataitilia sahihi. Kutengana kwa bahari si talaka.

Mwenye ndoa anayo njia mbili. Ya kwanza ni kujaza kama mwenye ndoa lakini peke yake. Mapato yake tu ndiyo yanaandikwa, na pale panapotakiwa nambari ya bibi huandika kwamba ni mgeni asiye mkaaji, ikiwa hana nambari. Bibi hawekewi mzigo wowote. Ya pili ni kujaza pamoja, mume na mke. Kwa kawaida mke anayeishi Kenya hawezi kuingia katika ritani ya pamoja, lakini sheria ya Marekani inawaruhusu wawili hao wachague kwamba mke ahesabiwe kama mkaaji wa Marekani kwa mambo ya ushuru wa mapato. Uchaguzi huo huandikwa katika karatasi na kutiwa sahihi na wote wawili. Hiyo ndiyo karatasi iliyokuja kwa simu.

Ipo njia nyingine ambayo watu huitumia vibaya, ile ya mkuu wa nyumba. Hiyo ni ya mtu ambaye ana mtoto au jamaa anayemtegemea na anayeishi naye huko zaidi ya nusu ya mwaka. Bibi aliye Kenya hahesabiki kuwa mtu huyo. Watoto walio shule hapa Molo, wasio raia wala wakaaji wa Marekani, hawaandikwi kama wategemezi, hata kama karo yote inatoka kwake. Mama mzazi aliye hapa pia hapana. Inauma, kwa sababu mtu anatuma pesa kila mwezi, lakini ndivyo sheria ilivyo. Mwenye kuandika watoto hao ili apate marupurupu ya serikali anaweza kuyarudisha na faini, na kwa marupurupu mengine anaweza kufungiwa miaka miwili, au kumi akiwa alidanganya kwa makusudi.

Aliyeenda kwa viza ya masomo ni kesi mbali. Kwa kawaida katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda yeye mwenyewe si mkaaji kwa hesabu ya ushuru. Fomu yake ni ya wageni, na akiwa na bibi hapa hawezi kujaza pamoja naye.

Sasa tuone pesa, maana hapo ndipo watu huvutwa. Tuchukue bwana mwenye grini kadi aliyepata dola 48,000 katika mwaka 2025. Akijaza peke yake, dola 15,750 za kwanza hazitozwi. Zinabaki 32,250, na ushuru wake unakuwa kama dola 3,630. Wakijaza pamoja, dola 31,500 hazitozwi. Zinabaki 16,500 na ushuru ni dola 1,650. Tofauti ni karibu dola 1,980, yaani zaidi ya shilingi 250,000 tukihesabu dola moja kwa shilingi 129. Hiyo ni karo, ni ng'ombe wa maziwa wa gredi. Kwa hivyo bwana anayeomba sahihi si lazima awe na hila.

Lakini sahihi ina gharama. Tuseme bibi ana vyumba vya kukodisha pale Njoro vinavyoleta shilingi 25,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 300,000 kwa mwaka, kama dola 2,325. Akishachagua kuhesabiwa mkaaji, kodi hiyo ya nyumba lazima iandikwe Marekani. Vivyo hivyo mshahara wa ualimu, faida ya duka, maziwa yanayouzwa, riba ya akiba. Katika mfano wetu, hata kabla ya kutoa gharama za nyumba, ushuru utaongezeka kama dola 230 tu, kwa hiyo bado wamefaidika. Bibi akiwa na biashara kubwa Nakuru mjini hesabu inaweza kugeuka. Ndiyo maana nasema hesabu ifanywe kwanza kwa njia zote mbili, na bibi aonyeshwe zote mbili. Na bwana asiseme bibi hana mapato wakati ana nyumba za kupangisha! KRA yenyewe inazijua: kodi ya nyumba za kuishi ikifika shilingi 288,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024.

Jambo la pili ni deni. Walioweka sahihi pamoja wanadaiwa pamoja. Bwana akificha kazi ya pili ya usiku, serikali ya Marekani inaweza kudai deni lote kwa yeyote kati yao, hata kama wameachana baadaye. Ipo fomu namba 8857 ya mwenzi aliyedanganywa kuomba aondolewe deni, lakini ni lazima aeleze na kuthibitisha. Tena uchaguzi ule huendelea mwaka hadi mwaka mpaka uvunjwe. Ukishavunjwa, mume na mke hao hawaruhusiwi kuuchagua tena.

Kuhusu pasipoti: kwa kuwa bibi hana nambari ya huko, huombewa nambari ya ushuru kwa fomu W-7. Nambari hiyo ina tarakimu tisa na huanza na 9. Si viza, si ruhusa ya kazi, wala haimpeleki mtu popote. Isipotumika katika ritani miaka mitatu mfululizo, hufa. Pasipoti inayotakiwa ni ile yenyewe, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa, yaani Idara ya Uhamiaji. Muhuri wa wakili hautoshi, kwa hiyo usilipe shilingi elfu mbili za muhuri halafu ukakataliwa. Picha ya pasipoti kwa simu pia haitoshi kwa kazi hiyo, na ukiitiwa picha na mtu usiyemjua anayesema anatoka ofisi ya ushuru, usitume.

Sasa nirudi kwa wale ambao bwana amekuwa akijaza kwamba hana ndoa. Hawa ndio wananihangaisha zaidi. Siku bwana anapotaka kumleta bibi, hupeleka ombi la uhamiaji akisema tulioana mwaka fulani, na katika cheti cha kumdhamini huambatanisha ritani yake ya ushuru. Afisa anasoma pale: hana ndoa. Hapo lazima waulizwe ni lini walisema kweli. Jambo hili hurekebishwa kabla ya ombi, kwa fomu 1040-X. Aliyejaza peke yake anaweza kubadilisha kuwa pamoja ndani ya miaka mitatu. Waliojaza pamoja hawawezi kujitenga baada ya tarehe ya mwisho kupita.

Wenye vikundi, hili linawahusu ninyi wenyewe. Mwanachama aliyehamia Marekani akiwa bado ni mtia sahihi wa akaunti ya kikundi, na akaunti zake zote za nje pamoja na hiyo zikapita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, anatakiwa kuziripoti huko kila mwaka. Hiyo ni karibu shilingi milioni 1.3, na vikundi vya kununua shamba huifikia upesi. Mbadilisheni mtia sahihi kwa muhtasari wa mkutano, mpeleke benki.

Kwa walio nchi nyingine nitasema kidogo. Saudia hawatozi ushuru wa mshahara, kwa hivyo anayekatwa pesa "za ushuru" huko aulize ni za nani. Uingereza tangu 1990 kila mwenye ndoa hutozwa peke yake. Ujerumani, ambayo Kenya ilitia nayo sahihi mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024, bibi aliye Kenya hampatii bwana daraja la ushuru la wenye ndoa, lakini pesa za kumtunza zinaweza kupunguza ushuru zikithibitishwa. Zipitishwe benki, na risiti zote ziwekwe.

Na Kenya tusiisahau. Mwenye makao ya kudumu hapa, akija hata kwa wiki mbili za Krismasi, sheria yetu humhesabu mkaaji wa mwaka huo, na mshahara wa nje wa mkaaji huulizwa na KRA. Raia aliyelipa ushuru wa mshahara huo kule huhesabiwa alicholipa, akiwa na karatasi za kuonyesha.

Ya kujadili katika mkutano wa kikundi: Ni wanachama wangapi wana mwenzi nje, na wangapi wamewahi kuweka sahihi karatasi ya ushuru? Nakala iko wapi? Cheti cha ndoa kipo, au ndoa ya kimila bado haijaandikishwa kwa msajili? Nani ni mtia sahihi wa akaunti yenu, na leo anaishi wapi?