Wageni kwenye Waifai yangu

Swali: Naishi kwenye nyumba ya ghorofa Mombasa. Waifai yangu haina nenosiri, na kila jioni intaneti huwa nzito. Juzi nilikuta vijana nisiowajua wameketi kwenye ngazi na simu zao. Niwafukuze?

Jibu: Usigombane na mtu. Simu ikishajiunga na mtandao ulio wazi mara moja, hujiunga yenyewe kila ikikaribia. Dawa iko kwenye ruta yako.

Igeuze uone kibandiko chini yake. Namba iliyoandikwa hapo, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, iandike kwenye kivinjari cha simu. Ukishaingia, anza kubadilisha nenosiri la ruta yenyewe, maana lile la kiwandani wengi wanalijua. Kisha kwenye usalama wa Waifai chagua WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani. WEP usiiguse, udhaifu wake umejulikana tangu 2001. Weka nenosiri refu, lisiwe namba yako ya simu, na uzime WPS (njia ya kujiunga bila kuandika nenosiri). Vifaa vyote vitatoka, kisha utaunganisha vyako.

Kuzuia simu moja moja ni kazi bure, kwa sababu simu za siku hizi huweza kubadili anwani zake za Waifai. Jirani unayempenda mfungulie mtandao wa wageni, wenye nenosiri lake.

Bando ndiyo hasara ndogo. Mtu akifanya utapeli kupitia ruta yako, anwani ya intaneti itakayoonekana ni yako, na wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe. Tafadhali, fanya hivi leo.