Kadi za besiboli: Bei haifuati uchache peke yake

Agosti 2022 kadi ya besiboli iliyochapishwa mwaka 1952, yenye picha ya Mickey Mantle wa New York Yankees, ilinadiwa nchini Marekani kwa dola milioni 12.6. Mwezi huo huo kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911, iliuzwa nje ya mnada kwa dola milioni 7.25. Mwekezaji anayeamini kwamba kilicho adimu zaidi ndicho ghali zaidi atashangaa. Kadi za Wagner zinazojulikana kuwapo hazifiki 100. Za Mantle ni zaidi ya 1,000.

Kadi ya Wagner ilitiwa ndani ya pakiti za sigara za American Tobacco Company, ikaondolewa mapema baada ya mchezaji huyo kukataa. Wapo wanaosema hakutaka watoto wavutwe kwenye tumbaku, na wapo wanaosema alitaka alipwe. Kwa soko sababu si kitu. Muhimu ni kwamba mzigo ulikatika.

Ya Mantle ina historia nyingine. Kampuni ya Topps iliitoa katika fungu la mwisho la msimu wa 1952, wakati wanunuzi walikwisha geukia michezo mingine. Masalio yalikaa ghalani hadi mwaka 1960 na, kwa simulizi ya Sy Berger, aliyekuwa mtu wa Topps mwenyewe, yakapakiwa kwenye tishali na kumwagwa katika bahari ya Atlantiki. Zilizokuwa zimeuzwa zilipitia mikononi mwa watoto, zikakunjwa na kufungwa kwa mipira. Kadi zipo, ila safi ni chache mno.

Hapo ndipo daraja linapoamua bei. Kampuni za ukaguzi kama PSA na SGC hupima pembe, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati, kisha hutoa daraja kuanzia 1 hadi 10. Kadi ya dola milioni 12.6 ilikuwa na 9.5. Mantle ya daraja la 1, mchapo ule ule, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mnunuzi wa kahawa hahitaji kufundishwa habari ya madaraja, ingawa katika kahawa pengo haliwi kubwa kiasi hicho.

Aliyeuza kadi hiyo alikuwa ameinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Katika miaka 31 thamani ilipanda mara 252, sawa na takriban asilimia 19.5 kwa mwaka. Lakini nyundo ya dalali iligongwa kwenye milioni 10.5, zilizobaki ni kamisheni ya asilimia 20 anayotozwa mnunuzi. Kwa hiyo mnunuzi huanza akiwa amepungukiwa. Kadi hailipi gawio wala riba, na bima yake hulipwa kila mwaka.

Cheti nacho kisiaminiwe kwa macho yaliyofumbwa. Wagner mashuhuri kuliko zote, iliyonunuliwa mwaka 1991 na Wayne Gretzky na Bruce McNall kwa dola 451,000, ilipewa daraja la 8. Mwaka 2007 ilifika dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mnadi Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo ili ionekane mpya. Ilipata daraja kwa mkasi.

Mtego ulio karibu zaidi na mfuko mdogo ni kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Habari za bei za kadi za kale zilipoenea, Wamarekani walinunua mpya kwa maboksi na kuzihifadhi kama akiba ya kusomeshea watoto. Viwanda vikachapa bila kipimo. Kwa kuwa kila mtu alizitunza, hakuna iliyopotea, na bila kupotea hakuna uhaba. Mengi ya maboksi hayo yangali sokoni leo, hayajafunguliwa, na bei yake haiko mbali na ile ya dukani ya wakati ule.