Ukali wa Nzi wa Matunda: Urithi, Malezi na Kazi ya Mwalimu

Katika ofisi za walimu husikika neno hili: mtoto fulani ni mgomvi kwa kuwa ukoo wake ndivyo ulivyo. Sisi wa Mkoa wa Mara, ambao kwa utani husemwa nchini kuwa wakali wa kuzaliwa, hatuna budi kulipima neno hilo kwa sayansi. Kipimo kimoja chepesi hupatikana juu ya ndizi mbivu, iwe Musoma, Bunda au Butiama: ni Drosofila, yaani nzi mdogo wa matunda.

Mambo ya kufahamu

Madume wa Drosofila hugombania chakula na majike. Dume huinua mabawa kutisha, husimama kwa miguu ya nyuma, kisha humwangukia mwenzake. Mtaalamu wa Marekani, A. H. Sturtevant, aliandika habari za ugomvi huo tangu mwaka 1915.

Urithi una sehemu yake. Mwaka 2006 Herman Dierick na Ralph Greenspan walieleza jinsi walivyochagua madume wagomvi katika kila kizazi na kuwazalisha. Baada ya vizazi 21 walipata nzi wakali mno. Kemia ya ubongo nayo imo: serotonini ikiongezwa, ugomvi huzidi, oktopamini ikikosekana, ugomvi hupungua.

Malezi pia yamo. Dume aliyelelewa peke yake hupigana zaidi kuliko aliyelelewa pamoja na wenzake. Tena, mwaka 2008 ilionyeshwa kuwa jeni iitwayo Cyp6a20, ambayo utendaji wake ni mdogo katika nzi waliozalishwa kwa ukali, hutenda kazi zaidi katika nzi waliolelewa kwa pamoja. Ni dhahiri, basi, kwamba urithi na malezi huweza kukutana katika jeni ile ile.

Hatua za somo

1. Kila kikundi kipewe chupa ya kioo, kipande cha ndizi mbivu, kitambaa chepesi na uzi.
2. Chupa iachwe wazi mpaka nzi waingie, kisha ifungwe kwa kitambaa.
3. Wanafunzi waandike tarehe. Mahali penye joto, yai huwa nzi kamili kwa siku 10 hivi.
4. Kwa dakika 5 wahesabu ni mara ngapi nzi huinua mabawa au kufukuzana. Wasipoona ugomvi, waandike hivyo hivyo. Hilo nalo ni jibu.

Tahadhari

Mwanafunzi atauliza: je, mtu naye huzaliwa mgomvi? Mwalimu aeleze kwamba ubongo wa nzi una chembe za neva 140,000 hivi, na wa binadamu zipatazo bilioni 86. Binadamu ana lugha, mila, sheria na dhamiri. Tena, nzi wale walizalishwa kwa kuchaguliwa na kulelewa chupani; hakuna ukoo wala kabila lililopimwa humo. Kwa hiyo mtoto yeyote asitajwe darasani kuwa mfano.

Badala ya kuuliza mtoto ametoka ukoo gani, tuulize anakaa na nani, anacheza na nani, na amepewa kazi gani katika kikundi. Ukoo wake hatuwezi kuubadili. Haya mengine yamo mikononi mwetu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini nzi wa majaribio walilelewa katika hali zinazofanana?
2. Utamjibuje mwalimu mwenzako asemaye, “Huyu ni wa ukoo ule”?