MADA YA 7: KUBUNI PAPO KWA PAPO KWENYE KINANDA CHA HIP HOP

Malengo ya mada
Baada ya kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza maana ya kubuni papo kwa papo, rifu na mkimbio;
(b) kubuni rifu ya baa nne na mkimbio mmoja;
(c) kujibu swali la maelezo linalohusu mada hii.

Utangulizi
Watahiniwa wengi wakiulizwa maana ya kubuni papo kwa papo huandika: "Ni kupiga chochote kinachokujia kichwani." Jibu hilo halina alama. Mpigaji anayebuni hapigi chochote. Anachagua, kwa haraka, kutoka kwenye vitu vichache alivyokwisha kuvizoea. Ukilishika wazo hili moja, mada nzima inakuwa nyepesi, na hata ile kauli ya "mimi sina kipaji" inakosa nguvu.

Istilahi muhimu
Kubuni papo kwa papo: kutunga na kupiga muziki kwa wakati mmoja, ndani ya mapigo, ngazi na kodi zilizowekwa.
Kodi: noti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja.
Baa: kundi la mapigo. Katika hip hop baa moja kwa kawaida ina mapigo manne.
Rifu: kipande kifupi cha muziki kinachorudiwarudiwa.
Mkimbio: noti kadhaa za haraka zinazofuatana kupanda au kushuka, hasa mwishoni mwa kifungu.

Historia kwa ufupi
Hip hop ilianzia Bronx, New York, Marekani. Mwaka 1973 DJ Kool Herc alianza kurefusha vipande vya midundo vya santuri kwa ajili ya wachezaji. Baadaye mashine za midundo na vinanda vya umeme vikaongezwa. Mfano mzuri wa rifu ni wimbo wa Dr. Dre uitwao "Still D.R.E." wa mwaka 1999. Piano yake ilipigwa na Scott Storch, aliyewahi kuwa mpiga kinanda wa kundi la The Roots. Kipande hicho ni kifupi sana na hurudiwa karibu wimbo mzima, lakini msikilizaji hukitambua baada ya sekunde mbili tu.

Nchini Tanzania vijana walianza kwa kughani juu ya biti za Kimarekani, kisha wakahamia kwenye Kiswahili. Mwaka 1991 Saleh Jabir alijulikana kwa kughani kwa Kiswahili juu ya muziki wa "Ice Ice Baby". Mr. II, yaani Sugu, mmoja wa waasisi wa hip hop ya Kiswahili, alizaliwa Mtwara mwaka 1972. Harmonize wa Bongo Fleva naye ni mwenyeji wa mkoa huu.

Kanuni unayoifahamu tayari
Kama umewahi kutazama sindimba, Mtwara Mjini, Newala au ng'ambo ya Ruvuma kwa Wamakonde wa Msumbiji, umeshaiona kanuni ya mada hii. Baadhi ya ngoma hushikilia mdundo uleule bila kuyumba. Mpigaji kiongozi ndiye anayebadilisha, huku akimtazama mchezaji na kumjibu. Katika hip hop biti ni zile ngoma zisizoyumba, mchanaji ni mchezaji, na wewe wa kinanda ni mpigaji kiongozi. Kazi yako ni kumjibu mchanaji bila kumfunika.

Hatua za kujifunza

Hatua ya 1: Shika noti tano.
Tumia la, do, re, mi, so, yaani A, C, D, E, G. Zote ni vitufe vyeupe. A iko kati ya kitufe cha pili na cha tatu cha kundi la vitufe vyeusi vitatu. Weka kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye la, na kila kidole kinachofuata kwenye noti yake hadi kidole kidogo kwenye so. Vidole vitano, noti tano: mkono hauhami.

Hatua ya 2: Weka msingi.
Mkono wa kushoto upige kodi nne, moja kwa kila baa:
A ndogo (la, do, mi)
F kubwa (fa, la, do)
C kubwa (do, mi, so)
G kubwa (so, ti, re)

Hatua ya 3: Tunga rifu.
Nafasi nne zilizo hapa chini ni mapigo manne ya baa. Alama ya kistari inaonyesha noti mbili ndani ya pigo moja.
Baa 1: la / do-re / mi / kimya
Baa 2: la / do-re / do / kimya
Baa 3: la / do-re / so / kimya
Baa 4: la / do-re / re / mkimbio

Angalia kwamba mapigo mawili ya mwanzo hayabadiliki. Kinachobadilika ni noti ya pigo la tatu, na kila mara noti hiyo imo ndani ya kodi ya baa yake. Hapo ndipo ubunifu ulipo: kubadilisha kidogo, kisha kutua mahali salama.

Hatua ya 4: Ongeza mkimbio.
Kwenye pigo la nne la baa ya nne piga so-mi-re-do kwa kushuka, kisha utue kwenye la ya baa ya kwanza. Katika mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, kila noti ya mkimbio ina takriban moja ya sita ya sekunde. Anza na mapigo 60, ambapo kila noti ina robo sekunde. Usiongeze mwendo kabla noti zote nne hazijasikika sawasawa.

Hatua ya 5: Jibu.
Mwenzako aghani mistari minne kuhusu jambo analolijua, kwa mfano msimu wa korosho. Akighani, piga rifu kwa sauti ya chini au nyamaza. Akivuta pumzi, jibu.

Kama shule ina kinanda kimoja
Usisubiri zamu yako ukiwa umekaa bure. Chora vitufe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, weka vidole, imba noti kwa sauti huku mguu ukihesabu mapigo. Waimbaji wa kwaya waliozoea sol-fa wataona wepesi. Anayefika kwenye kinanda akiwa tayari na rifu mdomoni hutumia dakika zake tano kuliko mwenye nusu saa asiye na la kupiga.

Makosa ya kawaida
1. Kujaza kila pigo. Kimya nacho ni sehemu ya rifu.
2. Kuweka mkimbio katika kila baa, hadi maneno ya mchanaji hayasikiki.
3. Kutua kwenye noti isiyomo kwenye kodi bila kusudi.
4. Kuacha mapigo ili kusahihisha noti. Noti iliyokosewa hupita. Pigo lililopotea huwapoteza wote.

Swali la mfano
Kwa kutumia hoja tatu, fafanua kauli kwamba kubuni papo kwa papo kunahitaji maandalizi.

Mwongozo wa jibu
Anza kwa fasili. Kisha eleza: (i) mpigaji huandaa noti na kodi atakazochagua, (ii) huzoeza vidole ili mkimbio usivunje mapigo, (iii) huzoeza masikio ili amjibu mchanaji kwa wakati. Kila hoja iwe na mfano. Hitimisha kwa kuonyesha kwamba uhuru wa mpigaji unategemea mazoezi yake.

Zoezi
1. Tofautisha rifu na mkimbio kwa hoja mbili.
2. Badilisha noti za pigo la tatu katika rifu ya hapo juu. Kila noti iwe ndani ya kodi ya baa yake.
3. Linganisha nafasi ya mpigaji kiongozi wa sindimba na ya mpiga kinanda wa hip hop.