Masomo Matatu ya Gredi ya 10: Mzazi na Mtoto Waanze Wapi?

Mwanafunzi wa Gredi ya 9 kwa kawaida ana miaka 14 au 15. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi, CBE, lilifanya uchaguzi wa masomo na shule za sekondari pevu katikati ya mwaka 2025, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa KJSEA, na likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Wazazi wengi walikuwa hawajawahi kuiona fomu ya aina ile. Kwa wanaofuata, muda wa kujiandaa upo, mradi maandalizi yaanze nyumbani kabla fomu haijafika.

Kuna jambo moja linaloufanya uamuzi huu kuwa mgumu kuliko ule wa zamani. Chini ya 8-4-4, mwanafunzi alipunguza masomo akimaliza Kidato cha Pili, akiwa ameshasoma Kemia, Fizikia na Biolojia kila moja kivyake kwa miaka miwili. Mwanafunzi wa sasa anachagua mapema zaidi. Katika Gredi ya 7 hadi 9 sayansi hizo hufundishwa pamoja kama Sayansi Jumuishi. Mtoto anaweza kuchagua Fizikia bila kuwahi kukaa katika kipindi cha Fizikia peke yake hata siku moja. Anahitaji mtu mzima wa kufikiri naye.

Mikondo mitatu, masomo saba

Sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, ina mikondo mitatu. STEM inahusu sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na ndani yake kuna sayansi tupu, sayansi tumizi na masomo ya kiufundi. Sayansi za Jamii zina lugha na fasihi upande mmoja, na masomo kama Historia, Jiografia na Elimu ya Biashara upande wa pili. Sanaa na Michezo, kama jina linavyosema, ni muziki, uchoraji, maigizo, filamu na riadha na kadhalika.

Kila mwanafunzi anasoma masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Matatu yaliyobaki ndiyo ya kuchagua, na ndiyo yanayoamua milango itakayobaki wazi baada ya Gredi ya 12. Mazoezi ya viungo yapo kwa wote.

Matatu ni machache. Mwanafunzi wa 8-4-4 aliyekuwa na masomo manane aliweza kukosea katika moja na bado akabaki na njia. Hapa kosa la somo moja ni theluthi nzima ya chaguo.

Anza na kazi, kisha rudi kwenye fomu

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza, mtoto anapata alama nzuri katika somo gani? Swali hilo ni muhimu, lakini lisiwe la kwanza. Afadhali kuanza na anachotaka kufanya akiwa na miaka 25, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye masomo matatu.

Chukua mfano wa msichana anayesema anataka kuwa muuguzi. Mafunzo ya afya yamekuwa yakidai Biolojia, na kwa kozi nyingi Kemia pia. Akichagua Biolojia, Jiografia na Kilimo kwa sababu rafiki zake wako huko, anaweza kupata alama nzuri sana na bado akajikuta nje ya mlango wa baadhi ya kozi anazozitamani. Hapo atakuwa amekosa Kemia tu, wala si akili.

Au mvulana anayependa kurekebisha redio na kutaka kuwa mhandisi wa umeme. Uhandisi katika vyuo vikuu vyetu umekuwa ukisimama juu ya Hisabati, Fizikia na Kemia. Lakini kama anachotaka hasa ni kufunga nyaya majumbani na kuendesha karakana yake mwenyewe, masomo ya kiufundi ndani ya STEM, au baadaye kituo cha mafunzo ya ufundi, yatamfikisha mapema zaidi. Hizo ni safari mbili tofauti, ingawa mtoto wa miaka 14 huzitaja kwa jina moja.

Anayetaka kuwa wakili hahitaji maabara. Sheria ya Kenya imekuwa ikimtaka anayetoka kidato cha nne kujiunga na shahada ya sheria awe na alama ya C+ kwa jumla, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mtoto kama huyo akilazimishwa kuingia STEM kwa sababu jirani amesema ndiko kuliko na pesa, atatumia miaka mitatu akihangaika na Fizikia huku lugha zake zikidorora.

Kundi la kwanza la CBE litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, mwaka mmoja baada ya KCSE ya mwisho ya 8-4-4. Majina ya mitihani na namna ya kuhesabu alama yanabadilika. Mahitaji ya kazi zenyewe hayabadiliki kwa urahisi namna hiyo, kwa maana hakuna chuo kitakachofundisha dawa kwa mtu asiyejua Kemia.

Hisabati ni mbili

Aprili 2025, baada ya malalamiko ya wazazi na wadau, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba Hisabati itabaki somo la lazima kwa mikondo yote, lakini kwa viwango viwili. Wanafunzi wa STEM wanasoma Hisabati ya Kina, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Core Mathematics. Mikondo mingine imewekewa Hisabati nyepesi zaidi, Essential Mathematics.

Hapa ndipo wengi hawatazami vizuri. Mtoto anayekimbia STEM kwa kuogopa Hisabati atasoma Hisabati hata hivyo, ila ile nyepesi. Kama ndoto yake ni uchumi, uhasibu au takwimu, wepesi huo unaweza kumgharimu chuoni. Mzazi wa mtoto kama huyo amuulize mwalimu mkuu swali moja mahususi: shule hii inamfundisha mwanafunzi wa Sayansi za Jamii Hisabati ipi?

Shule ina mwalimu wa somo hilo?

Si kila shule inafundisha kila kitu. Zipo zenye mikondo yote mitatu na zipo zenye miwili tu, STEM na Sayansi za Jamii. Hata ndani ya mkondo mmoja, shule hutoa michanganyiko kulingana na walimu, maabara na karakana ilizonazo. Mtoto anayetaka Muziki akipelekwa kwenye shule yenye jina kubwa isiyofundisha Muziki, jina hilo halitamsaidia.

Kundi la kwanza lilichagua shule 12: nne kwa mchanganyiko wa kwanza wa masomo, nne kwa wa pili, na nne kwa wa tatu. Kati ya hizo, tisa zilikuwa za bweni, tatu ndani ya kaunti ya nyumbani na sita nje yake, na tatu zilizobaki zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo anayoishi mwanafunzi. Nafasi za shule za kutwa zisijazwe ovyo. Familia nyingi huishia huko kwa sababu ya karo, kwa hiyo inafaa kuzitembelea mapema, kuona kama maabara ina vifaa, na kuuliza ni walimu wangapi wa Kemia au wa Fizikia walioko.

Alama nazo hazitoki katika mtihani mmoja. KJSEA ina asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6, yaani KPSEA, asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 7 anayedhani bado mapema, ajue sehemu ya alama hizo inaandikwa sasa hivi.

Mazungumzo ya nyumbani

Kwenye mipango yake, Wizara ilitaja kwamba takriban asilimia 60 ya wanafunzi wataingia STEM, 25 Sayansi za Jamii na 15 Sanaa na Michezo. Hizo ni hesabu za kupanga walimu na madarasa. Hazimwambii mzazi yeyote mtoto wake aende wapi, na mtoto wa kundi la asilimia 15 hajashindwa.

Elimu ya sekondari iko chini ya serikali ya kitaifa. Kikatiba, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vituo vya mafunzo ya ufundi. Familia inayofikiria njia ya ufundi inaweza kumpeleka mtoto kuona karakana za kituo kilicho karibu akiwa bado Gredi ya 8 au 9, na kuzungumza na wakufunzi. Saa moja mbele ya mashine ya kuchomelea vyuma itamwonyesha mengi kuliko maelezo ya fomu.

Kabla ya siku ya kujaza, mzazi akusanye ripoti za Gredi ya 7 na 8, aketi na mtoto, na kila mmoja aandike peke yake masomo matatu anayoyaona yanafaa. Kisha walinganishe karatasi. Pale zinapotofautiana, karatasi hizo mbili zipelekwe kwa mwalimu wa darasa zikiwa pamoja, pamoja na orodha ya shule zinazofikiriwa na masomo ambayo kila moja inayafundisha.