SOMO: KIOLEZO KIMOJA KATIKA HESABU ZA LAHAJEDWALI

Lahajedwali ni daftari la hesabu lililomo ndani ya kompyuta. Kila seli yake yaweza kubeba maneno, tarakimu au kanuni ya kukokotoa. Hesabu za mishahara, za mapato na za dawa huandaliwa humo. Mtumishi aliyeliandaa akihamishwa, anayempokea huachiwa jedwali asilojua kipi kimeandikwa kwa mkono na kipi kimekokotolewa. Akiandika tarakimu juu ya kanuni, jumla hubaki ile ile hata mapato yakibadilika.

Kinga yake ni kiolezo, yaani faili tupu lenye mpangilio uliokubaliwa, linalonakiliwa kila kazi mpya inapoanza. Mambo yafuatayo yafaa kuzingatiwa:

(a) Takwimu zinazoingizwa, ukokotoaji na matokeo viwekwe katika kurasa mbalimbali.

(b) Kila aina ya seli iwe na mtindo mmoja. Desturi iliyoenea katika kazi za fedha ni rangi ya buluu kwa tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, na nyeusi kwa kanuni.

(c) Kiwango kinachobadilika, mathalani cha kodi, kiandikwe katika seli moja tu, pamoja na kipimo na tarehe yake. Kanuni zote zirejee hapo.

(d) Seli za kanuni zifungwe, na iwepo seli ya kuhakiki kwamba jumla ya mistari yalingana na jumla ya safu.

Hata hivyo, kiolezo kisichopitiwa huweza kudhuru. Huko Uingereza, mwaka 2020, idara ya afya ya umma ya England ilikusanya majibu ya vipimo vya UVIKO-19 katika mafaili ya muundo wa zamani, ambao ukurasa wake hauzidi mistari 65,536. Majibu yaliyozidi yaliachwa nje. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, watu 15,841 walioambukizwa hawakuingia katika takwimu za kila siku, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Muundo mpya, unaobeba mistari 1,048,576, ulikuwapo tangu mwaka 2007.

Kwa hiyo, kila kiolezo kiwe na msimamizi anayejulikana, nambari ya toleo, na tarehe ya kupitiwa tena. Hesabu ya Serikali ni amana ya wananchi, na yapasa kusomeka hata baada ya aliyeiandika kuondoka.